Ukishtakiwa, dai stetimenti mapema

Mdogo wangu alipokamatwa na kesi ya kupiga mtu, mimi ndio nilikuwa nampeleka kortini, na wakili hatukuwa naye. Siku ya kusomewa mashtaka alikanusha, akapewa chaji shiti karatasi moja, tukarudi nyumbani tukidhani hiyo ndio kesi yote. Kumbe kuna stetimenti za mashahidi, kuna P3, ile fomu ya polisi ya majeraha aliyojaza daktari, kuna OB, kile kitabu cha polisi cha kuandikia ripoti, na hapa Kenya hizo zote ni haki yako kuziona kabla shahidi wa kwanza hajaapishwa. Iko kwenye Katiba ya 2010, kifungu cha 50(2)(j), na hata kabla ya hapo Mahakama ya Rufaa ilishasema hivyo 2008 kwenye kesi ya Cholmondeley, tena wewe hulazimishwi kuwapa upande wa mashtaka utetezi wako mapema.

Sisi tulihangaika na afisa mpelelezi kituoni, leo hayuko, kesho faili iko kwa prosekyuta, mara leteni pesa ya fotokopi, wiki zikaisha hivyo. Jamani msipite njia hiyo. Mwambie hakimu pale pale kortini, "mheshimiwa, sijapewa stetimenti", aandike kwenye faili na atoe amri, maana maneno ya kwenye korido hayaandikwi popote. Dogo aliposema hivyo hatukumaliza hata wiki, tukapewa.

Fotokopi zenyewe nyeusi, moja stepla imepigwa juu ya tarehe, na zote za Kiingereza. Tukakaa mezani usiku na kalamu nyekundu, neno kwa neno. Mlalamishi anasema alipigwa rungu mkono wa kulia, P3 inasema kidonda kiko mkono wa kushoto. Shahidi wa pili anasema vita vilianza saa mbili usiku, na OB inaonyesha mlalamishi alikuwa kituoni akiripoti saa moja na nusu. Sasa bila hizo karatasi dogo angewauliza nini? Angebaki tu kusema wanadanganya.

Wakikuletea stetimenti mpya asubuhi ya kusikizwa kesi, usikubali kuendelea hivyo hivyo kwa uoga, omba muda uisome, nao ni haki yako, 50(2)(c). Na kama mtu wako yuko rimandi mpelekee nakala akae nazo, kwa sababu wakili kama hana, ni yeye atakayesimama kuuliza hayo maswali.