Kuhusu toba ya Colson

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Umeniuliza kama toba ya Charles Colson, mpambe wa Rais Nixon aliyetoka jela akawa mhubiri wa wafungwa, ilikuwa ya kweli, maana unafikiria kujitolea katika shirika alilolianzisha. Moyo wangu kwa mtu huyu uko pande mbili.

Kazi yake katika Ikulu ya Marekani ilikuwa fitina. Ofisi yake ndiyo iliyoandaa, mwaka 1971, orodha ya watu 20 walioitwa maadui wa rais. Mwaka huohuo Daniel Ellsberg, mchambuzi wa mambo ya kijeshi, aliyapa magazeti siri za vita vya Vietnam, na Colson akasambaza habari za kumchafua huku kesi ya Ellsberg ya kuvujisha siri hizo ikiwa bado haijasikilizwa. Kosa hilo alilikiri Juni 1974. Hapa uwe makini: mashtaka mazito zaidi ya Watergate, kashfa ya uvamizi wa ofisi za chama pinzani iliyomwangusha Nixon, aliyokuwa nayo yalifutwa alipokiri hilo moja. Kuna wanaoiita toba, kuna wanaoiita biashara na waendesha mashtaka. Naamini yote mawili yalikuwemo. Alikaa gerezani miezi saba.

Mwaka 1976 alianzisha Prison Fellowship, ndilo shirika hilo, na hakuiacha kazi ya magereza mpaka alipofariki mwaka 2012. Tuzo ya Templeton ya mambo ya dini ya mwaka 1993, zaidi ya dola milioni moja, aliikabidhi kwa shirika. Tawi la Rwanda limejenga vijiji ambamo waliofanya mauaji ya 1994 na walionusurika wanaishi jirani. Kwa hayo namheshimu, na sitanii.

Hesabu zao ndizo za kuangalia kwa jicho kali. Mwaka 1997 walianza programu ya mafunzo ya Kikristo ndani ya gereza moja la Texas, Marekani. Ripoti ya mwaka 2003 ikaonyesha kuwa miongoni mwa waliohitimu, 8 tu kwa mia walirudi jela ndani ya miaka miwili, wakati wafungwa wasiopitia programu walikuwa 20 kwa mia. Sasa soma ndani. Walioanza walikuwa 177, waliohitimu 75, na ili uhesabiwe umehitimu ilibidi, ukishatoka, uwe umepata kazi na kudumu nayo. Aliyekosa kazi, ambaye ndiye aliye hatarini zaidi kurudi, alikwishaondolewa kwenye hesabu. Ukiwajumlisha wote 177, waliorudi ni 24 kwa mia, yaani hali mbaya kidogo kuliko ya wale wasioguswa kabisa. Ni sawa na mwalimu kuwaondoa wanafunzi dhaifu kabla ya mtihani, kisha akajisifia ufaulu.

Liko jingine linalonikwama kooni. Mark Felt, aliyekuwa wa pili kwa cheo katika FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, na aliyempa mwandishi wa habari siri za Watergate, alipojitambulisha mwaka 2005, Colson alimlaumu kwa kuvunja uaminifu wa kazi yake. Miaka 30 baada ya jela, bado aliona kasoro kwa aliyefichua uovu ule! Toba yake kwa Mungu siitilii shaka. Ila deni lake kwa wasema kweli sioni kama alilimaliza.

Nenda ukafanye kazi hiyo, mwanangu. Siku ya kwanza ya kila darasa, andika kwenye daftari lako idadi ya walioingia. Anayeacha, andika tarehe na sababu: amehamishwa, amefukuzwa, amechoka. Wakija kukuomba takwimu za waliohitimu, wape na hizo.

Mama yako