Jibu: Taa za vifuu zenye betri na usajili wa Ujerumani

Wa alaykum salaam ndugu yangu wa Chake Chake, Pemba. Umeuliza kwa nini mtandao unaouzia taa zako za vifuu unakudai nambari ya usajili wa betri Ujerumani, na wewe betri unazinunua sokoni Darajani tu.

Kwa Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1542, ukimuuzia mteja wa Berlin moja kwa moja kwa mtandao, kisheria mzalishaji wa betri, yaani anayetakiwa kujisajili, ni wewe, hata betri ikiwa imefungwa ndani ya taa. Sehemu hiyo inatumika tangu tarehe 18 Agosti 2025, kwa hiyo usimalize bando kubishana nao. Ukiwa nje ya Ulaya lazima uteue mwakilishi huko, tena nchi kwa nchi: usajili wa Ujerumani haukufai Ufaransa. Betri iwe na alama ya pipa la taka la magurudumu lililokatwa kwa X. Zile zinazotolewa kwenye kompyuta mbovu, kama alama hiyo haipo au imeshafutika, usipeleke. Na taa yenyewe ni kifaa cha umeme, ina usajili wake mbali.

Kwa taa chache kwa mwezi, mimi sioni faida. Tafuta duka la huko liagize kwa jumla na kuziingiza lenyewe, usajili uwe juu yao. Au uza kifuu kitupu, bila ya nyaya wala betri.