Kabla ya Kununua Saa ya Otomatiki: Seiko 5 au Orient Kamasu?

Saa yangu ya kwanza ya otomatiki iliharibikia Kibirizi, ufukweni hapa Kigoma, na kosa lilikuwa langu. Asubuhi nilivuta kile kifundo cha pembeni ili nirekebishe tarehe, nikasahau kukirudisha, kisha nikaingia ziwani hadi kiunoni kusaidia kushusha mizigo ya boti. Jioni kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani, na wiki mbili baadaye mishale ilisimama kabisa. Nilipopata fedha za kununua nyingine sikutaka tena kuchagua kwa rangi, hivyo nilikaa karibu miezi mitatu nikilinganisha saa mbili ambazo bei zake hazipishani sana: Seiko 5 Sports ya mfululizo wa SRPD na Orient Kamasu.

Zote mbili ni za Kijapani na hazitumii betri. Ndani mna chuma chenye umbo la nusu duara ambacho huzunguka kila mkono unapocheza na kuikaza springi. Mashine ya Seiko, 4R36, na ile ya Orient, F6922, zote hupiga mapigo 21,600 kwa saa, na zikijaa hudumu takriban saa 41 na 40. Maana yake ni kwamba ukiivua Ijumaa jioni, Jumapili mchana utaikuta imesimama, uwe umenunua hii au ile. Kwa hiyo muuzaji anayekuambia kwamba mashine ya mojawapo imeiacha nyingine mbali sana anakupigia porojo. Tofauti ipo kwenye usahihi unaotajwa na watengenezaji: Seiko inaruhusu kuzidi sekunde 45 au kupungua 35 kwa siku, Orient kuzidi 25 au kupungua 15. Saa ya betri ya bei ya chini kabisa sokoni Mwanga huzishinda zote mbili kwa hilo, na anayetafuta usahihi pekee asome makala nyingine.

Kilichonishughulisha zaidi ni kioo. Seiko hutumia kioo chake kiitwacho Hardlex, ambacho ni kigumu kuliko kioo cha kawaida, lakini chembe za mchanga wa ufukweni, ambazo nyingi ni za madini magumu yaitwayo kwazi (quartz), bado zinaweza kukichora. Kamasu ina kioo cha safaya (sapphire), ambacho katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, kina 9, wakati kwazi ina 7, na ndiyo sababu mchanga haukiachii alama. Mtu anayeshinda ofisini anaweza asiione tofauti hiyo kwa miaka. Mimi ninayesimamia mizigo, ninayejifuta jasho kwa mkono uleule uliotoka kushika gunia lenye mchanga, niliiona kwenye saa yangu ya zamani ndani ya mwezi mmoja. Safaya nayo ina udhaifu wake, kwani ikigongwa kwa nguvu kwenye jiwe inaweza kupasuka badala ya kuchubuka tu.

Kuhusu maji, Seiko imeandikiwa mita 100 na kifundo chake ni cha kusukuma tu, ilhali Kamasu ina mita 200 na kifundo cha kukaza kama parafujo. Namba hizo ni shinikizo la kwenye vipimo, si ruhusa ya kuzama Ziwa Tanganyika hadi kina hicho. Saa ya wazamiaji iliyothibitishwa kwa kiwango cha ISO 6425 huandikwa neno DIVER'S, na hizi mbili hazina neno hilo. Kwa kuogelea kawaida zote zinatosha, mradi kifundo kimefungwa.

Kaka yangu, mwenye mkono mwembamba, alichagua Seiko, na sikumpinga: kifundo cha saa hiyo kiko usawa wa namba nne, hivyo hakichomi mgongo wa kiganja mkono unapokunjwa, na mgongo wake ni wa kioo, mashine inaonekana ikifanya kazi. Mimi nilichukua Kamasu. Mkanda wake wa chuma niliuvua siku ya pili, nikaweka wa mpira wa milimita 22, upana ambao unaingia kwenye saa zote mbili.

Kabla ya kutoa fedha, kwa kuwa Seiko bandia ni nyingi, tazama mshale wa sekunde. Katika saa hizi husogea kwa vihatua vidogo sita kila sekunde, hata uonekane kama unateleza. Ukiruka mara moja tu kwa sekunde, ndani mna betri. Kisha vuta kifundo hadi mwisho: mshale huo unapaswa kusimama papo hapo. Muuzaji akikukataza kukivuta, mrudishie saa yake.