Maswali ya Wasomaji: Bima Inapokataa, Daktari Ni wa Nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mume wangu anafanya kazi ghalani mjini Columbus, Ohio, na bima yetu ya afya tumeipata kupitia kwa mwajiri wake. Tangu mwezi uliopita anaumwa mgongo, na maumivu yanateremka hadi mguuni. Daktari wetu wa familia aliomba apigwe picha ya MRI, lakini kampuni ya bima ikataka kwanza amalize wiki sita za mazoezi ya viungo. Tulipomuuliza daktari, alijibu tu kwamba ndivyo bima ilivyoamua. Nimesikia pia kuwa wapo madaktari wanaofaidika wakipunguza vipimo. Je, huyu hakuvunja kiapo chake? Na sisi wageni tuna haki ya kubisha?
Mama wa watoto watatu, Ohio

JIBU: Pole sana, dada, na mfikishie shemeji pole zetu. Nianze na jambo ambalo huenda lisikupendeze. Kwa maumivu ya mgongo yasiyo na dalili za hatari, kusubiri wiki kadhaa kabla ya kupiga picha ni utaratibu ambao madaktari wenyewe huupendekeza, kwa kuwa wagonjwa wengi hupata nafuu katika muda huo, na picha mara nyingi huonyesha kasoro ambazo hazina uhusiano na maumivu. Kwa hiyo kukataliwa peke yake si ushahidi wa uchoyo. Lakini mguu ukianza kukosa nguvu, sehemu za siri na mapaja yakifa ganzi, au akishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, msingoje kibali cha mtu yeyote. Nendeni idara ya dharura siku hiyo hiyo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inazitaka hospitali zenye idara hiyo zinazopokea malipo ya Medicare, yaani bima ya serikali inayohudumia hasa wazee, ambazo ni karibu zote, zimpime kila anayefika na kumpa aliye katika hali ya dharura matibabu ya kuimarisha hali yake, bila kumchelewesha kwa maswali ya malipo.

Sasa tuje kwenye kiapo, tukianza na jinsi bima hizi zinavyombana daktari. Mipango ya bima inayosimamia matibabu ya wanachama wake ili kubana gharama, maarufu kama HMO, ilipata msukumo mkubwa mwaka 1973, Rais Nixon alipotia saini sheria ya kuiendeleza, wakati gharama za matibabu zilikuwa zikipanda kila mwaka. Kampuni huingia mkataba na hospitali na madaktari fulani, humweka daktari wa familia mlangoni ili mgonjwa asimfikie bingwa bila kupitia kwake, hudai kibali cha awali kwa vipimo vya bei kubwa, na katika baadhi ya mipango humlipa daktari kiasi maalumu kwa kila mwanachama kila mwezi, awe mgonjwa au mzima. Katika malipo ya namna hiyo, kila kipimo ambacho hakikufanyika ni fedha iliyobaki.

Hatari yake ilionekana Illinois mwaka 1991. Mwanamke mmoja alikutwa na uvimbe tumboni wa sentimita sita kwa nane, lakini badala ya kupelekwa hospitali ya karibu kwa kipimo cha altrasaundi, aliambiwa asubiri siku nane zaidi akapimwe kwenye kituo cha mpango wenyewe, kilichokuwa umbali wa zaidi ya kilomita 80. Kabla ya siku hizo kwisha, kidole tumbo chake kilipasuka. Mpango huo ulimilikiwa na madaktari, nao waligawana faida ya mwisho wa mwaka. Baraza la raia walioteuliwa kuamua kesi mahakamani lilimpa fidia ya dola 35,000 kwa uzembe wa kitabibu. Lakini dai lake la pili, kwamba mfumo wenyewe wa malipo ulikiuka wajibu wa uaminifu kwa wanachama, lilikataliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2000, kwa hoja kwamba kubana huduma ndiyo asili ya mipango hii na kwamba ni kazi ya Bunge kuibadili. Kisheria naielewa hoja hiyo. Kimaadili inaniacha na njaa.

Maoni yangu ni kwamba kubana matumizi si dhambi, kwa kuwa fedha ya bima ni ya wanachama wote. Kosa ni kumficha mgonjwa. Katika miaka ya 1990 ilikuwapo mikataba iliyomzuia daktari kumtajia mgonjwa tiba ambayo mpango haulipii, na majimbo mengi yakatunga sheria za kuipiga marufuku. Kanuni za Chama cha Madaktari cha Marekani zinamtaka daktari aeleze njia zote zinazofaa, hata zile ambazo bima haigharamii. Daktari wenu aliomba picha, na hapo alitimiza wajibu, alipungukiwa aliponyamaza. Alipaswa kuwaeleza kwa nini aliiomba, ni hatari gani iliyopo katika kungoja, na kwamba yeye mwenyewe anaweza kuomba kuzungumza na daktari wa kampuni ya bima.

Kubisha ni haki yenu, wageni kwa wenyeji. Dai barua ya kukataliwa yenye sababu. Chini ya sheria ya afya ya mwaka 2010, bima nyingi zinawapa siku 180 za kukata rufaa ndani ya kampuni, na jambo la haraka hujibiwa ndani ya saa 72. Mkishindwa kwa sababu za kitabibu, mna angalau miezi minne ya kuomba mkaguzi wa nje asiye wa kampuni. Itumieni njia hiyo mapema, kwa sababu bima nyingi za mwajiri ziko chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 kuhusu mafao ya wafanyakazi, ambayo kwa kawaida humrudishia mdai thamani ya huduma aliyonyimwa, si fidia ya madhara yaliyompata.

SWALI: Je, si afadhali basi daktari alipwe kwa kila huduma anayotoa?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapo kishawishi kinageuka tu upande: anayelipwa kwa kila kipimo huvutwa kupima kupita kiasi, na mgonjwa hulala wodini siku asizozihitaji. Tofauti ni kwamba kipimo cha ziada huonekana kwenye hati ya malipo, na mgonjwa anaweza kukihoji. Kile ambacho hakikufanyika hakiachi karatasi. Ndiyo maana malipo ya kiasi maalumu kwa kila mwanachama yanahitaji ukaguzi mkali zaidi, na mwanachama aambiwe tangu siku anapojiandikisha jinsi daktari wake anavyolipwa.