Naondoka na paka wangu wameshibana, niwagawe?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi nakaa Tabata, baada ya Idi tunahamia Muscat, mume wangu kapata kazi huko na nyumba tuliyopewa ni ya kampuni, mnyama haruhusiwi, tumebembeleza wamekataa. Nina paka wawili, Kidoti jike na Sultani dume, tumbo moja, nimewalea toka hawajafumbua macho na sasa wana miaka minne. Dada yangu wa Mbagala anamtaka Kidoti kwa sababu mpole kwa watoto, mwenzangu wa kazini anayekaa Goba anamtaka Sultani maana ni hodari wa panya. Mama mkwe anasema paka ni paka tu, wiki moja washasahauliana. Lakini nikiwaangalia wanavyolala roho inaniuma. Niwagawe, au nitafute mtu wa kuwachukua wote, na huyo mtu nampata wapi?
Mama Kidoti, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiwagawe kwanza, muda bado unao.

Sio kila paka wawili wanaokaa nyumba moja ni marafiki, wengine wanavumiliana tu, kila mtu na kona yake na wakikutana kwenye sahani wanakoromeana, hao ukiwatenganisha umewafanyia hisani. Wako waangalie vizuri: wanalala wamelaliana wakati nafasi ipo tele (na kwa joto la Dar usiniambie ni baridi), wanarambana kichwani na shingoni, wanasuguana mashavu, wanapigana mieleka bila kutoa kucha? Siku ukimpeleka mmoja kwa daktari, yule aliyebaki anazunguka chumba kwa chumba analia? Kama ndio, basi hao ni kitu kimoja na watafutiwe nyumba moja.

Mama mkwe usimbishie, kuna paka kweli wanazoea. Ila wengine wakitenganishwa wanajificha na wanagoma kula, na paka kugoma kula sio jambo la kupuuzia, akikaa siku kadhaa bila chakula mafuta ya mwili yanakimbilia kwenye ini na linaweza kufeli, hasa akiwa mnene. Sasa mtu amempokea mgeni, hamjui tabia, anaona amenuna tu kumbe anakufa. Hilo ndio linanitia hofu kuliko huo upweke wenyewe.

Anza na dada yako, mwambie achukue wote wawili. Watu wengi wanaogopa wawili wakidhani kazi inazidi mara mbili, kumbe paka wakubwa waliozoeana wanashinda wanacheza wenyewe na wanatulia haraka ugenini. Gharama ya chakula itapanda, hapo usimdanganye, ila mumeo kapata kazi, ukimtumia hela ya dagaa kila mwezi hata kidogo atakuelewa. Yule wa Goba akisema naye atachukua wote, muulize swali moja kabla hujafurahi: hapo kwako mnatega sumu ya panya? Paka akila panya aliyekula sumu na yeye anaweza kufa, na hodari wa panya ndio wa kwanza.

Wakikataa wote, nenda kwa daktari wa mifugo wa hapo mtaani kwenu, yeye ndio anajua nyumba gani paka wao kafa karibuni na wanatafuta. Halafu posti kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaa, ya kazini, ya wazazi wa shule. Picha iwe moja, wote wawili ndani, ukiweka picha mbili watu wataanza kuchagua kama viatu. Andika wazi kwamba wanakwenda pamoja, sema na ubaya wao pia, kama Sultani anapanda meza sema anapanda meza, maana atakayeshtukia mwezi wa pili ndio anayekwenda kuwamwaga sokoni. Akipatikana mtu nenda kwake ukapaone kwa macho yako. Kuna mbwa? Barabara iko karibu? Na kama ni mpangaji, baba mwenye nyumba kakubali? Wengi hapa ndio wanaishia kurudisha.

Kabla hawajatoka kwako, Sultani ahasiwe na Kidoti afungwe kizazi kama bado, maana paka hawajui kaka wala dada na mimba yake ni miezi miwili tu, utakuwa umempa mtu paka wawili kumbe sita. Chanjo ya kichaa cha mbwa pia, paka nao wanaupata ugonjwa huo, na dawa ya minyoo. Kadi ya chanjo uikabidhi.

Siku ya kuhama wasipande bodaboda ndani ya kiroba tafadhali, tafuta tenga lenye mfuniko upande nao bajaji. Wapelekee na kile kitambaa wanacholalia, usikifue, kibaki na harufu yao. Mwenyeji awafungie ndani wiki tatu au nne, bila hivyo watatoka kuitafuta Tabata.

Na ikifika wiki ya safari hujapata mtu, bora wote wakae kwa dada kwa muda huku mnaendelea kutafuta. Kuwagawa iwe mwisho kabisa, na hapo kila mmoja aende kwa mtu anayeshinda nyumbani, ambaye ataona mapema kama sahani haijaguswa. Kuwatelekeza ndio kabisa hapana, na wewe unayefunga unaijua habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila chakula.

SWALI: Anti, nimechukua paka wawili wa jirani aliyehama, toka juzi wako chini ya kabati, usiku tu ndio nasikia wanatembea. Niwavute nje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana, usiwavute, utachanwa na watakuogopa zaidi. Wape chumba kimoja tu, kisicho na watoto wala redio kubwa, weka maji, chakula na boksi la mchanga mbali na chakula, halafu kaa hapo sakafuni uchezee simu yako bila kuwaangalia machoni. Asubuhi kagua sahani na mchanga. Chakula kikipungua na mchanga umechimbwa, waache, watatoka wenyewe. Lakini kama toka juzi hiyo hakuna aliyekula kabisa, leo hii mpigie daktari wa mifugo, na usiwape Panadol hata kipande, kwa paka ni sumu.