Nusu ya mwenye galari

Mhariri, mmeuliza wiki hii: "Ukipenda picha, hela umpe mchoraji au mwenye galari?" Nimeona nijibu, maana watu wanabishania ile nusu ya bei anayobaki nayo mwenye galari bila kuuliza inalipia nini.

Galari ndogo nyingi hugawana na mchoraji nusu kwa nusu. Mimi siku zote ni wa mpe mchoraji mkononi, hela aione leo leo. Pale Oysterbay, Dar es Salaam, kwenye ushirika wa wachoraji wa mtindo wa Tingatinga, huna haja ya kumtafuta: wachoraji wamekaa hapo hapo na makopo yao ya rangi.

Tatizo ni kitambaa. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huo (alifariki 1972), alichorea vipande vya ubao wa dari, ambavyo havikunjiki. Siku hizi ni kitambaa, na rangi ni ya mafuta ile ya kung'aa. Rangi hiyo ni danganya toto: kesho yake juu imekauka, ndani mbichi kwa wiki kadhaa, hasa penye nukta nene.

Kuna mama alifika kwenye galari moja hapa mjini, anasafiri usiku uleule, kapenda picha ya twiga. Mwenye duka akabonyeza nukta moja ya pembeni kwa ukucha, ikabonyea. "Dada, hii haijakauka, haisafiri." Mama akawaka: kwani hela yangu haitoshi? Yule bwana hakubishana. Akatoa stoo picha aliyorudishiwa na mteja. Ilikunjwa rangi ikiwa ndani, katikati gazeti, juu nailoni, ikashinda kwenye buti la gari juani. Shingo ya twiga ilibaki nusu, nusu nyingine imeng'oka na gazeti, na kwenye anga ya buluu unasoma matokeo ya mpira kinyumenyume.

Kisha akashusha nyingine iliyotundikwa muda mrefu. Akatandika karatasi ya kuokea keki, ile isiyonata, akaiviringisha rangi ikiwa nje kwenye bomba la plastiki la inchi 4. Rangi ikiwa nje, ukija kuinyoosha nyufa ndogo hufumba. Ikiwa ndani, hujikunja na kubanduka. Kabla ya hapo alipima pembeni: sentimita 5 za kitambaa kitupu kila upande, la sivyo fundi fremu atakula miguu ya twiga. Nyuma akaandika kwa penseli jina la mchoraji na mwaka.

Kazi hiyo yote imo kwenye ile nusu. Basi picha ya kusafiri, naona apewe tu mwenye galari. Ila kwanza muulize mchoraji analipwa lini. Akijibu "tutaangalia", rudi Oysterbay. Na pale mwenye galari ni mchoraji mwenyewe, kama Shine Tani wa galari ya Banana Hill kule Kenya, swali lenu halipo kabisa.

Msiende siku ya uzinduzi wa maonyesho. Nendeni asubuhi katikati ya wiki, mwenyewe ana nafasi ya kuwafungulia stoo, maana picha zisizo na fremu, ambazo bei yake huwa nafuu, hukaa huko.