Pilates kwa Anayeshinda Ameinama

Kazi nyingi za mikono hapa Zanzibar hufanywa kwa kuinama: anayekuna nazi juu ya mbuzi, anayefunga mwani kwenye kamba kule Jambiani, anayeshona kofia za viua, na sisi mafundi wa cherehani tunaoshinda shingo mbele mpaka alasiri. Kwa watu wa namna hii nayapendekeza mazoezi ya Pilates, ambayo yamenipunguzia maumivu ya kiuno na kunifundisha kukaa.

Aliyeyaanzisha ni Joseph Pilates, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1883, akakulia katika maradhi, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia akawekwa kizuizini katika kisiwa cha Man, kilicho baina ya Uingereza na Ireland, ambako aliendelea kuyakuza. Vipo vyombo maalumu vya springi, lakini mazoezi ya sakafuni hayavihitaji.

Nguvu yake imo katika pumzi na katika misuli ya ndani ya tumbo, ambayo ikikazwa huushikilia uti wa mgongo kama mkaja unavyomshikilia mzazi. Chukua zoezi la mia: unalala chali, unanyanyua kichwa na miguu, kisha mikono iliyonyooka ubavuni inapigapiga juu na chini mara 100, huku ukivuta pumzi kwa hesabu ya tano na kuitoa kwa hesabu ya tano. Anayeanza na akunje magoti, na shingo ikilalamika, kichwa kibaki chini. Ukienda mbio, zoezi hili halikufai kitu.

Anayetafuta kupungua unene asiyategemee haya peke yake; Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa kasi kunahesabika. Wala kwa maumivu sugu ya mgongo haijathibitika kwamba Pilates inayapita mazoezi mengine, ingawa inasaidia. Mimi naipendelea kwa sababu hufanyika chumbani, mlango umefungwa, jambo ambalo kwa wanawake wengi wa huku si dogo.

Mwenye mifupa iliyopungua uzito ajiepushe na mazoezi ya kuukunja mgongo, na aliyejifungua karibuni asubiri ruhusa ya daktari au mkunga. Mkeka wa ukili juu ya saruji hautoshi. Tandika blanketi lililokunjwa chini yake, na ufanye kabla ya kula.